Rangi ya Ndani ya Sikio

Watasema amezaa saba nyuma ya ghala la mpunga.
Niliwahesabu kwa tochi ya simu, chaji asilimia nne:
wawili weusi, kola nyeupe shingoni kama makatekista,
wanne wa rangi ile, hata kuitaja nashindwa,
majivu ya jiko yaliyodondokewa na matone makubwa
ya mvua ya kwanza ya Novemba.
Na mmoja mweupe.
Mweupe pee, pua ya waridi,
kama kitu kilichosahauliwa kupakwa.

Rangi ile haikuwa yetu.
Mbwa wa hapa Puge ni wekundu wa kichuguu,
mkia juu, masikio ya mtu aliyesikia jina lake likitajwa.
Ililetwa na dume mmoja mwenye manyoya marefu
aliyeachwa Nzega na mhandisi wa mgodi
siku mgodi ulipofungwa na nyumba zikabakia na popo.
Tukamwita Injinia.
Jicho moja kahawia, la pili buluu ya ukingo wa sahani ya bati.
Hakufundishwa na mtu. Siku ya kwanza mbugani
aliwazunguka ndama wa Lugwisha, akainama, akatambaa,
akawarudisha wote thelathini na mmoja bila kubweka.

Hapo tamaa ikanishika.

Watasema ni binti yake.
Ndiyo, nilijua. Mlango wa banda niliufunga mimi.
Mnadani waliniambia: lete wenye mabaka,
elfu themanini kila mmoja; weusi kawagawe.
Nikawaza, rangi juu ya rangi, si itazidi?

Wiki ya nne Minza akarudi likizo kutoka chuo cha mifugo.
Akamwaga choroko na maharage mkekani.
"Baba, kila mzazi anazo mbili, anatoa moja,
wala hachagui. Anatoa gizani.
Hii ya mabaka haipaki rangi, inafuta.
Ukirithi moja inafuta hapa na pale, unapendeza.
Ukirithi mbili, inafuta mpaka ndani."
Ndani wapi?
Akashika sikio lake mwenyewe.
"Hata huku kuna rangi. Chembe ndogo ndogo,
jua haliziangazii, mnunuzi hazioni.
Zikikosekana, sauti haina pa kushika."

Nikachukua mwiko nikapiga sufuria.
Sita wakaruka. Watasema akanguruma.
Mweupe akaendelea kunyonya,
ametulia kuliko kiumbe yeyote niliyemwona mwaka ule.

Majirani walikuja na maneno yao.
Mwingine akaja saa tano usiku, pikipiki taa imezimwa,
akauliza bei ya yule mweupe,
yule tu, na asiulizwe ni wa kazi gani.
Sisi wa huku tunajua swali hilo linatoka wapi.
Nkwimba, mke wangu, alisimama mlangoni na mchi.
Hakutamka neno.
Taa ya pikipiki iliwaka mbio hizo.

Injinia tumemhasi; elfu kumi na tano na jogoo.
Wenye mabaka walikwenda kwa bei ile ile niliyoahidiwa,
na fedha, nikiri, niliipokea kwa mikono miwili.
Weusi wako kwa Lugwisha. Anasema hajapata kuona
mbwa wanaojua ng'ombe namna ile.

Mweupe hana jina la mdomoni.
Jina lake ni kisigino, mara mbili, ardhini:
analipokea kwa nyayo, kutoka upande wa pili wa ua,
anakuja mbio amepinda upande kama mlango uliolegea bawaba.
Kiangazi hivyo inatosha.
Masika udongo hulainika, haupitishi habari,
basi namfunga kamba ya katani kiunoni mwangu
na tunatoka kuchunga.
Fisi yuko kando ya mto, au ni upepo kwenye matete.
Yeye anatazama ng'ombe.
Mimi nasimama, nasikiliza.